Kalamu Nyekundu: tarehe 9 ya mwezi gani?

Bi Saumu alisoma prufu, yaani nakala za majaribio za kusahihishwa kabla ya kuchapa, katika viwanda vya uchapaji vya Nairobi kwa miaka thelathini na ushei. Hapa anajibu maswali ya wasomaji kuhusu maneno.

SWALI

Shikamoo Bi Saumu. Mimi ni Zuhura, nakaa Pumwani. Nyanya alipotutoka mwaka jana tulifungua kasha lake la nguo, na chini kabisa, ndani ya leso, tukakuta kipande cha gazeti la Kiingereza kilichogeuka rangi ya chai. Tulikuwa tukikisikia tu. Nyumbani kinaitwa "karatasi ya Mzee Feruzi", yaani babu yake nyanya.

Ni mistari sita. Inasema lori lililobeba mbao lilipinduka kwenye mteremko "on Tuesday, the 9th inst." na kwamba "a boy" alikufa. Jina halimo. Marehemu mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa akijua Kiingereza nyumbani, alitufundisha kwamba "inst." ni "instantly": kwamba Mzee Feruzi alikufa papo hapo wala hakuteseka. Yeye pia ndiye aliyesema ilikuwa Novemba, na kila tarehe 9 Novemba tunamsomea khitma. Sasa binti yangu anauliza, mama, Novemba imeandikwa wapi? Nimetafuta sijaiona. Juu ya kipande pamekatwa kwa mkasi, hakuna tarehe wala jina la gazeti.

Nimekutumia picha ya mbele na nyuma kwa simu. Sijui kama hili linasaidia, lakini nyanya alikuwa akisimulia kwamba mjane wa Mzee Feruzi alisema mwaka ule jungu halikuvunjwa kwao, kwa sababu nyumba ilikuwa bado na matanga.

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa nyanya.

Nianze na neno lenyewe. "Inst." hapo si "instantly". Ni "instant" iliyofupishwa, na katika habari za zamani za Kiingereza maana yake ilikuwa moja, kavu kama karani: ya mwezi huu. "The 9th inst." ni tarehe 9 ya mwezi huu tulio nao. Kwa hivyo Novemba haimo, na papo hapo haimo. La papo hapo nitalirudia baadaye, maana najua ndilo lililokuuma.

Mjomba wako simcheki. Mimi nilifanya vibaya zaidi, tena nikilipwa. Mwaka 1979 nilikuwa msichana mgeni kazini, na kazi yangu ilikuwa kumsomea msahihishaji kwa sauti karatasi ya mwandishi, naye akifuatisha kwenye prufu na kalamu yake nyekundu. Tulikuwa na kijitabu cha klabu moja ya michezo iliyokuwa ikiadhimisha jubilii, na ndani yake wamenakili tangazo lao la zamani: mechi itachezwa "on the 12th inst." Nikaona kifupisho, nikakikamilisha kwa kichwa changu: "on the 12th Institute." Ilikuwa saa nane mchana, watu wameshiba, mkubwa wangu akatia alama akapita. Vikachapwa vijitabu mia nne. Mwenye kiwanda aliniita ofisini, akaniwekea kimoja mezani, akaniuliza kwa upole wa kutisha: hizo taasisi kumi na moja nyingine ziko wapi?

Tangu siku hiyo neno hili nalijua kama mtu anavyomjua jirani aliyewahi kumshtaki.

Asili yake ni Kilatini, katika kitenzi cha kusimama. "Instans" ni kitu kilichosimama juu yako: kipo, kimekukaribia, kinakubana. Kutoka hapo Kiingereza kilivuna maana kadhaa, na nyingine zinapigana. Chukua Biblia ya Kiingereza ya 1611, Warumi 12:12, pale panaposema "instant in prayer". Kijana wa leo anaweza kudhani Mtume Paulo anasifu sala fupi. Fungua Biblia ya Kiswahili ya Union uone walivyolitia: "katika kusali, mkidumu." Mkidumu! Neno lile lile ambalo kwenye simu yako linauza mkopo wa papo hapo, pale lilikuwa na maana ya kung'ang'ania bila kuchoka. Katika barua ya pili kwa Timotheo, 4:2, limo tena, na Kiswahili kimesema "uwe tayari". Watafsiri wale walijua kazi.

Maana ya haraka ilikuwa imekaa pembeni karne nyingi, kwa kuwa "an instant" ni kitambo kidogo, kufumba na kufumbua. Biashara ndiyo iliyoipandisha kitini. Nescafé ilipoanza kuuzwa Uswisi mwaka 1938, kahawa ya kutia maji moto ukakoroga, na tambi za kumwagia maji zilipotoka Japani mwaka 1958, basi watu wakasahau kwamba neno hili liliwahi kufanya kazi ya kalenda. Mjomba wako alisoma kipande cha zamani kwa macho ya mtu anayekunywa kahawa ya kopo. Nani asingefanya hivyo?

Sasa kwa nini magazeti yalihitaji kusema "mwezi huu" badala ya kuutaja mwezi? Kwa sababu gazeti la zamani lilikuwa rundo la barua. Mwandishi yuko Cadiz au Amsterdam au Nakuru, anaandika juu ya karatasi yake mahali na tarehe, kisha chini hana haja ya kurudia mwezi: "the 9th instant" yatosha, aliyeipokea barua anaona juu imeandikwa lini. Mhariri naye anaipokea, anaichapa ilivyo. Kwa barua za makarani ilikuwa hivyo hivyo, na nimeyaona kwa macho yangu: chuo cha kupiga taipu nilichosoma mjini hapa, mwalimu wetu alitulazimisha tuanze kila barua ya biashara kwa kukiri "your letter of the 5th inst." Ukiandika jina la mwezi anakukata alama, anasema unaandika kama mtu wa sokoni.

Ukitaka kuona mtego uliomo, tazama vita vya majini vya Trafalgar. Vilipiganwa tarehe 21 Oktoba 1805, na humo ndimo alimofia Nelson, amiri wa Waingereza. Collingwood, aliyeshika amri baada yake, aliandika ripoti baharini siku iliyofuata, akasema adui alionekana alfajiri ya "Monday the 21st instant". Ripoti ikapandishwa merikebu ndogo iitwayo Pickle, ikapambana na upepo, ikafika London tarehe 6 Novemba, na siku hiyo hiyo ikatolewa katika London Gazette, gazeti la serikali lililokuwapo tangu 1665. Sasa wewe shika gazeti hilo mkononi. Juu limeandikwa Novemba. Ndani linasema tarehe 21 ya mwezi huu. Msomaji mwepesi atasema vita vilikuwa tarehe 21 Novemba, yaani wiki mbili baada ya gazeti kuvitangaza! Lililomponza ni kudhani "mwezi huu" ni mwezi wa gazeti, kumbe ni mwezi wa barua.

Na hiyo ni karne ambayo angalau nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimekubaliana siku. Kabla ya 1752 Waingereza walikuwa bado na kalenda ya kale, na Ufaransa ilikuwa mbele yao kwa siku kumi na moja katika karne ile ya 18. Barua ikiandikwa Paris tarehe 5 Mei, London bado ni 24 Aprili. Ikipita kwa kasi ikafika baada ya siku nne, inasomwa London tarehe 28 Aprili, nayo inazungumzia "the 5th instant", siku ambayo London haijaiona bado. Sisi tunaosema saa moja huku saa ya ukutani inaonyesha saba hatuna haki ya kushangaa, ila nakiri hilo hata mimi hunizungusha. Walipokuja kujirekebisha, Septemba 1752, walilala Jumatano tarehe 2 wakaamka Alhamisi tarehe 14.

Nimeenda mbali. Narudi Pumwani.

Shida yako, Zuhura, imetokana na mkasi kuliko Kiingereza. "Inst." ni neno linalonyoosha kidole juu, kwenye kichwa cha gazeti, kama mtu anayesema "yule pale". Aliyekata habari ya Mzee Feruzi aliipenda sana akaikata vizuri, mistari sita bila kuzidi, na kwa kufanya hivyo akakikata kidole na anayeonyeshwa. Mwezi huu, upi? Karatasi haina tena pa kujibu.

Lakini karatasi ina pande mbili, na heri yako ulinipigia picha zote mbili. Nimekaa nazo jioni mbili, miwani juu ya miwani.

Nyuma kuna nusu ya tangazo la motokaa, na inasomeka kabisa kwamba ni modeli ya 1926. Chini yake kuna mchoro wa kofia ya kike na herufi kubwa EASTER, halafu mkasi umepita. Weka hayo kando.

Mbele kuna jambo ambalo wengi hulipita: imeandikwa Jumanne. Mwezi ambao tarehe 9 yake ni Jumanne lazima uwe umeanza Jumatatu, na miezi hiyo ni michache. Mwaka 1925 ni mmoja tu, Juni. Mwaka 1927 ni mmoja tu, Agosti. Mwaka 1926 ni mitatu: Februari, Machi na Novemba. Basi mjomba hakuiokota Novemba barabarani. Nadhani naye aliwahi kukaa na kalenda, akapata mitatu, akachagua. Ningependa kujua kwa nini alichagua huo, lakini amekwenda nayo.

Pasaka ya 1926 iliangukia tarehe 4 Aprili. Hakuna muuza kofia anayetangaza kofia za Pasaka mwezi wa Novemba, wala Juni, wala Agosti. Tunabaki na Februari na Machi. Februari ningeweza kuibishia, lakini wenye maduka tunawajua, hata leo Nairobi huanza kupamba Krismasi mvua za vuli hazijakatika. Kwa gazeti peke yake nisingeapa.

Kilichoniapisha ni jungu.

Kwa wasomaji wa bara: kuvunja jungu ni ule ulaji wa mwisho wa Shaabani, watu wanapojumuika na kula na kucheka kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mwaka ule wa 1926 Ramadhani ilianza tarehe 15 Machi, siku moja mbele au nyuma kwa namna mwezi ulivyoonekana. Kwa hesabu hiyo Jumanne ya tarehe 9 Machi ilikuwa 24 Shaabani. Mtu akifa tarehe 24, jungu linawakuta watu wake wamekaa msibani, mikeka haijakunjwa. Ndivyo alivyosema yule mjane, neno kwa neno: nyumba ilikuwa bado na matanga.

Ijaribu Februari sasa. Tarehe 9 Februari 1926 ilikuwa 26 Rajabu, mwezi unaotangulia Shaabani, na usiku wake ndio wa kuamkia Miraji, siku ya kukumbuka safari ya Mtume mbinguni. Kifo cha siku hiyo mama yule angekisimulia kwa Miraji, asingekisimulia kwa jungu lililokuwa bado mwezi mzima mbele. Na Novemba? Tarehe 9 Novemba ilikuwa katika Mfungo Nane, yaani mwezi wa nane baada ya Ramadhani, mwezi usio na jungu wala maulidi. Hakuna kumbukumbu ya kuitundika hapo.

Kwa hiyo mimi nasema: Jumanne, 9 Machi 1926. Gazeti lilijua siku likapoteza mwezi. Mjane alijua mwezi bila kujua kusoma gazeti. Mambo hayo mawili yamekaa nyumba moja karibu miaka mia, moja ndani ya leso na jingine mdomoni mwa wanawake, na hakuna aliyeyakutanisha mpaka binti yako alipouliza swali. Mnunulie halua.

Kuna neno la pili katika kipande hicho, na sitalipita kimya ingawa hukuniuliza. "A boy." Kwa Kiingereza cha kawaida ni mtoto wa kiume. Kwa Kiingereza cha magazeti ya walowezi ni mwanamume Mwafrika yeyote anayefanya kazi chini ya Mzungu, awe na mvi, awe na wajukuu. Mpishi ni "boy", mlinzi ni "boy", mtu wa juu ya lori ni "boy". Neno limebaki mjini humu katika "boi" na "tanboi", na vijana wanayatumia kwa mzaha bila kujua yalikotoka. Umeniambia Mzee Feruzi aliacha mjane, na kama aliacha mjane na kizazi cha kufika kwako basi hakuwa mtoto. Lakini ndiyo sababu hesabu yote hii ya tarehe ilikuwa na haja. Jina lake hawakuliandika. Kitu pekee kinachomfunga yeye na mistari ile sita ni siku, na siku yenyewe ilikuwa nusu.

Sasa la papo hapo. Kipande kinasema lori lilipinduka na mtu akafa. Hakisemi alikufa saa ngapi. Hakisemi aliteseka, hakisemi hakuteseka. Faraja ile mjomba aliwapa yeye, haikutoka kwenye gazeti, na mimi siwezi kumwekea maneno mdomoni mhariri wa 1926 ili kuiokoa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mjomba wako, akiwa na kamusi au bila kamusi, aliliangalia neno gumu mbele ya mama zake wakamsubiri aseme, akasema lililo jepesi kubeba. Kama alikosea au aliamua, mimi sijui, na msahihishaji ndani yangu hapa anaweka kalamu chini.

Kazi iliyobaki ni ya miguu. Shuka mjini mpaka Banda Street, maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na ina magazeti ya zamani ya Afrika Mashariki. Usipofanikiwa hapo, Nyaraka za Taifa ni mwendo mfupi kwa miguu, Moi Avenue, jengo lile lililokuwa benki. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi mwaka ule hayakuwa mengi. East African Standard lilikuwa limeshahamia hapa kutoka Mombasa tangu 1910. Sisemi kipande chako ni chake, ila mtu lazima aanzie mahali. Omba matoleo ya tarehe 10 mpaka 31 Machi 1926. Likitolewa Aprili lingeandika "ult." badala ya "inst.", nalo nalieleza hapa chini. Isipokuwa kama habari ilitumwa kwa barua na mwandishi wa mashambani, hapo kumbuka Collingwood, uangalie na wiki ya kwanza ya Aprili.

Usitafute kwa kusoma. Tafuta kofia. Ukurasa wenye ile kofia ya Pasaka nyuma ya habari ya lori ndio wenyewe, na jicho hukamata mchoro kabla ya herufi. Nenda na penseli, kalamu ya wino watakunyang'anya mlangoni na watakuwa na haki. Ukiupata, andika jina la gazeti na tarehe kamili kwenye karatasi nyingine, uiweke ndani ya leso pamoja na kipande. Kipande chenyewe usikiandike, na kwa jina la Mungu usikitie plastiki ya moto.

Khitma ya Novemba waliyosomewa haikupotea. Mwaka huu ongezeni ya Machi.

SWALI

Bi Saumu, baba yangu ana barua za kiwanda cha ngozi alikofanya kazi, na kila moja ina "ult." au "prox." Nimeona pia "inst." Je, ni majina ya watu? Kioko, Donholm.

JIBU

Ni ndugu watatu wa tumbo moja. "Inst." ya mwezi huu, "ult." ya mwezi uliopita, "prox." ya mwezi ujao. Mbili hizi za mwisho ni "ultimo" na "proximo", Kilatini kitupu. Zote hupimwa kwa tarehe iliyo juu ya barua, usije ukapima kwa tarehe ya muhuri wa posta.

Barua ikiwa ya tarehe 2 Januari na inataja "the 30th ult.", hiyo ni Desemba ya mwaka uliotangulia. Nimeona watu wazima wakigombania malimbikizo ya mshahara kwa sababu ya hapo tu.

Waswahili hatukuwa na kifupisho cha namna hiyo, na ni afadhali. Barua za pwani za herufi za Kiarabu zilizopita mikononi mwangu zilitaja siku, mwezi na mwaka wa Hijra, Mfungo Tatu ni Mfungo Tatu, huna haja ya kuuliza upi.

SWALI

Nimeona kichwa "Latest Intelligence" kwenye picha ya gazeti la London la karne ya 19. Walikuwa wakichapa siri za majasusi hadharani? Njeri, Kangemi.

JIBU

Hapana, walikuwa wakichapa habari. "Intelligence" wakati huo ilikuwa taarifa iliyofika, ya aina yoyote. The Times ilikitumia kichwa hicho kwa habari mpya za nje, na "Shipping Intelligence" ilikuwa orodha ya meli zilizoingia na zilizotoka, ambayo wafanyabiashara waliisoma kabla ya chai. Majasusi nao walikuwa wakilitumia, na baadaye wakalifungia ndani; mafundi wa kompyuta wao wamelichukua kwa maana yake nyingine, ya akili, sisi tunasema akili mnemba. Ukikutana nalo kwenye gazeti la kabla ya babu yako, lisome "habari" upite.

SWALI

Bi Saumu, nimekutumia picha ya habari ya kale sana kuhusu mtaa wetu. Inasema "the 17th inst." Ni ya mwaka gani? Baraka, Kayole.

JIBU

Baraka, umeipiga picha ukaikata juu. Ule mstari mdogo ulioona hauna maana, pale penye jina la gazeti, ndio ninaoutaka. Kama karatasi bado unayo, piga upya, nzima, mbele na nyuma.